Masizi na Wembe

Maabara yetu ya Yombo haina pazia.
Nimetundika kanga tatu madirishani,
moja imechanika kwenye jina lake,
yamebaki maneno mawili tu: PENYE WAWILI.
Umeme umekatika tangu asubuhi. Safari hii nashukuru.

Kioo nimekifukiza kwa koroboi kikawa cheusi tititi.
Nikabana nyembe mbili, kati yao kikaratasi cha daftari,
nikazivuta juu ya masizi mara moja.
Mara moja tu. Mkono ukisita, anza upya.
Cha kwanza nilisita. Cha pili mtu akabisha hodi.
Hiki ni cha saba.

Nyufa mbili, na kati yao robo ya milimita:
nywele tatu zikilala sambamba, nafasi imekwisha.

Kidato cha Sita wanaingia na harufu ya mvua.
Mwalimu Ngowi yuko msibani Kibaha,
hesabu zake ziko ubaoni, sitazigusa.
Mimi ni mtunza maabara. Nina beseni, nina kalamu ya leza
ya elfu tatu, Mtaa wa Kongo;
muuzaji alinionya, "Mama, hiyo ni ya kuchezea,"
nikamwambia ndicho ninachotaka.

Nabonyeza.

Mlitarajia mistari miwili. Nami zamani niliitarajia.
Tazameni ukuta:
nyekundu, giza, nyekundu, giza, nyekundu,
toka mwekundu hadi mwekundu upana wa ukucha wangu mdogo,
mpaka kule pembeni inakofifia
kama sauti ya mtu anayeondoka akiwa bado anasema.

Sikilizeni. Bati langu nyumbani limetoboka mara mbili,
na masika haya matone yanadondoka pamoja, chwa, chwa,
ndani ya beseni moja.
Duara linakwenda kulilaki duara.
Penye kilele na kilele, maji yanaruka.
Penye kilele na bonde, maji yametulia,
huyu anayainua, huyu anayashusha,
nayo hayaendi popote.
Nilikaa usiku kucha nikiyatazama badala ya kuziba bati.

Nuru nayo ina hatua.
Ya ufa wa kulia ikitembea nusu hatua zaidi,
inafika ukutani ikiinua mguu
wakati mwenzake inakanyaga.
Hapo ndipo penye giza.

Mhina, mbishi wa siku zote:
"Dukani kwetu kuna taa mbili. Mbona hazichori giza ukutani?"
Kwa sababu hazikupatana, baba.
Kila moja inasema lake, inakatiza, inaanza upya,
na ugomvi wao unahama kabla jicho halijapepesa.
Hizi mbili zimetoka mlango mmoja kwa pumzi moja,
ndiyo maana hata kukosana kwao kuna utaratibu.

Siwema hasemi. Siwema hajasema tangu muhula uanze.
Anasogea, anachukua karatasi ya jojo,
kwa ukingo wake anaziba ufa mmoja.

Mistari inayeyuka.
Palipokuwa na giza, pekundu.
Anaondoa karatasi. Giza.
Anaziba. Pekundu.
Anaondoa.

"Nimeongeza mwanga," anasema, "nimepata giza.
Umekwenda wapi?"

Haukufa. Umehamia kwa jirani.
Pima pale panapong'aa zaidi:
si mara mbili ya ufa mmoja. Ni mara nne.
Alichonyimwa huyu, kakipata yule,
na ukijumlisha ukuta mzima, hakuna kilichoibiwa.

Anaangalia ukuta kwa muda mrefu.
Nje mashine ya kukoboa inakohoa, inakaa kimya.
"Na huyu aliyenyimwa," anauliza, "anajua?"

Sikuwa na jibu. Halikuwamo hata ubaoni.

Kisha umeme ukarudi.
Taa zote nne zikawaka kwa pamoja,
darasa zima likapiga kelele za furaha,
na ukutani hapakuonekana kitu ila rangi ya chokaa
na alama ya kiatu cha mtu.

Siwema na mimi hatukushangilia.
Bado ameshika karatasi yake ya jojo,
kidole gumba kimejaa masizi.